Siku Niliyowalilia Wakwe Wakiwa Hai

Nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na Mama Kulwa jirani yangu, maana yeye akisimulia anaongeza. Ni kweli nilikaa chini kandokando ya barabara ya Kasokola nikalia kwa sauti, na hakuna aliyekuwa amekufa.

Siku hiyo wakwe walikuwa wanakuja kutoka Mpanda mjini kumposa mjukuu wangu Yusta, na mimi nikaona kuku mmoja hatoshi, nikatoka kufuata mwingine kwa dada yangu (Yusta alisema bibi tulia nyumbani, sikutulia). Narudi na jogoo kwapani, niko na Mama Kulwa, tukaona pikipiki kama kumi zinakuja, zimefungwa matawi mabichi mbele, taa zinawaka mchana kweupe, honi hazinyamazi. Mimi nimekua najua matawi kwenye chombo ni msiba. Unatua mzigo, unakaa chini mpaka maiti apite. Hilo halihitaji shule.

Nikamwambia, "Kaa."

"Mbona wanapiga honi hivyo?"

"Uchungu. Kaa."

Tukakaa. Na kwa kuwa kwenye msafara ule hakuna aliyekuwa analia, niliona aibu kwa niaba yao, nikaanza mimi. Wanawake waliokuwa wanapalilia mahindi pale jirani wakaacha majembe wakaja wanalia, mmoja anajigaragaza (hakuuliza nani kafa, hilo si kosa langu).

Pikipiki ya mbele ikasimama, akashuka mzee mwenye koti.

"Poleni mama zangu. Nani amefariki?"

"Si nyie ndio mnamleta?"

"Sisi tunakwenda kuposa, kwa bibi yake Yusta."

Mama Kulwa akasema, "Ndiye huyu."

Jogoo akaponyoka. Hakuna aliyemkimbiza.

Shangazi wa kijana, mama mmoja mnene wa pikipiki ya pili, akasema, "Nyumba inayotupokea kwa kilio mimi siingii. Geuzeni." Wawili wakageuza kweli. Nikaona posa ya mtoto inaondoka kwa sababu yangu. Sijawahi kumpigia magoti mtu niliyemzidi umri, siku hiyo nilipiga, kwenye vumbi.

"Mama, kosa ni langu. Mtoto hajui lolote."

"Kwani hukuona tunacheka? Siku hizi hata timu ikishinda watu wanafunga matawi!"

"Sikuangalia meno. Niliangalia matawi."

Mzee akacheka. Shangazi hakucheka. Akaamuru nipande pikipiki ya mbele nipige vigelegele mpaka nyumbani, ili kila aliyesikia kilio asikie na hivyo. Nikapanda. Nikapiga, na tawi wamenishikisha, na wale wanawake wa majembe wanatufuata mbio, mmoja bado analia, habari hazijamfikia.

Yusta akatukuta uani. "Bibi, ulikuwa wapi?"

"Kupokea wageni."

Posa ilikubaliwa. Lakini mimi sililii tena chombo chenye matawi kabla ya kuuliza. Mwezi uliopita alipoletwa marehemu wa kweli hapa mtaani, nilisimamisha gari nikamuuliza dereva, "Mna msiba au mna furaha?" Wafiwa hawajanisalimia mpaka leo.