Mwaka Pikapu ya Baba Iliponyamaza

Enzi zetu gari lilisikilizwa kabla ya kufunguliwa. Wenzangu mliolelewa Mbumbuni, Kikima na kule kote kwenye matuta ya Mbooni mtanielewa, ila vijana wataniita mwongo. Kitinda mimba wangu, Mutheu, ana gari dogo ambalo likiumwa linawasha taa nyekundu. Yeye huchomeka kidude fulani chini ya usukani, akasoma simu yake, akaambiwa ugonjwa. Hajawahi kuchafua hata ukucha mmoja. Nikimsimulia mambo tuliyofanya sisi, ananitazama kana kwamba nimesema tulikuwa tukila mawe.

Baba alikuwa na pikapu ya buluu iliyotufikia ikiwa tayari imezeeka, na sidhani kuna kiungo chake ambacho hakikuwahi kuugua. Nikiyakumbuka tuliyoifanyia, mwili unanisisimka. Tangi la petroli lilipovuja, Baba alisugua kipande cha sabuni ya kufulia kwenye ufa, nasi tukapanda, tukaenda kanisani. Petroli chini yetu, sabuni katikati, na sisi juu tukiimba! Siku mkanda wa feni ulipokatika tukitoka soko la Wote, Nyanya alifumua nyuzi za mkonge za kiondo alichokuwa akisuka, akazisokota pajani, Baba akazifunga mahali pa mkanda, na tukafika nyumbani. Radieta nayo ilikuwa na kiu isiyoisha. Wakati wa kiangazi tulichimba mchanga wa mto kutafuta maji, na ndoo ya kwanza ilikuwa ya gari. Mbuzi walingoja zamu yao, nasi tuliosalia na midomo mikavu tukangoja nyuma ya mbuzi. Sikumbuki mtu yeyote aliyeuliza kwa nini.

Lakini sifa ya Baba ilikuwa masikio yake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wala hakusomea ufundi, ila watu walileta magari yao kutoka mbali ili ayasikilize tu. Alikuwa akichukua mwiko wa Mama, ule mrefu wa kusongea ugali, akaweka ncha moja kwenye injini inayonguruma na ncha ya pili sikioni, kisha akafumba macho. Watu wote uani walinyamaza. Halafu alisema, "Ni plagi ya tatu," au, "Hiyo ni valvu," na wakifungua wanakuta ni hiyo hiyo. Mama alilalamika kwamba ugali wake una ladha ya oili. Ulikuwa nayo kweli, nasi tuliula kwa majivuno.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi na mmoja, Baba alianza kuisifu pikapu yake. "Mnasikia vile imetulia?" alikuwa akisema tukipanda mlima. Mimi nilikuwa nikiisikia inavyokohoa na kugongagonga kama siku zote, tena zaidi. Lakini Baba akisema imetulia, basi imetulia, na kosa ni la masikio yako.

Jumapili moja kina mama wa kanisa letu walikuwa na mkutano Kikima, na Baba akawapeleka. Kumi walikaa nyuma pamoja na Mama. Mbele tulikuwa watatu: Baba kwenye usukani, Pasta dirishani, na mimi katikati. Mama alikuwa ameniambia tukiondoka nyumbani, "Mwende, leo nisisikie mdomo wako huko mbele." Hakuwa na haja ya kuniambia. Mtoto aliyekalishwa kati ya baba yake na mchungaji hupumua kwa adabu.

Tulirudi alasiri. Hatukuwa tumeliacha mbali soko la Kikima nilipoanza kusikia kitu nyuma, upande wa kushoto. Kilisaga polepole, kama mtu anayesaga mahindi yenye mchanga. Nilimtazama Baba, nikingoja ainamishe kichwa kama kawaida yake. Baba alikuwa akimweleza Pasta habari za mabati ya kanisa. Barabara ikaanza kuteremka, ile ya kona juu ya kona, na kusaga kukageuka kugonga. Kina mama waliokuwa wakiimba tangu Kikima wakanyamaza wote kwa pamoja. Niliona jambo hilo, nikaogopa, nikafumba mdomo wangu zaidi.

Kisha nikaona gurudumu likitupita.

Lilikuwa peke yake, likiteremka kwa raha zake, likaruka ukingo na kuingia katika shamba la mbaazi. Pasta alilisindikiza kwa macho. "Asi!" akasema. "Hiyo ni ya nani?" Hapo hapo pikapu ikakaa chini kwa kishindo, ikajiburura, vumbi likatufunika, kina mama wakapiga mayowe, na tukajibamiza kwenye tuta ambalo mkulima fulani, Mungu ambariki, alikuwa amelichimba kuzuia mmomonyoko. Chini ya tuta lile kulikuwa na bonde ambalo mpaka leo sipendi kulitazama.

Hakuna aliyekufa. Mama alivunjika mkono juu kidogo ya kiganja, nami nikauona umepinda. Baba alimlaza kwenye nyasi, akaufunga kwa leso, akamtuma kijana mmoja aliyekuwa akipita akatafute lori. Kisha akazunguka gari, akarudi.

"Haikutoa sauti hata kidogo," akamwambia Pasta. "Ingelia ningesikia."

Nilipigwa na butwaa. Baba, aliyetuchapa kwa uongo mdogo wa sukari, alikuwa akidanganya mbele ya mtumishi wa Mungu huku Mama analia pale chini! Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Baba, imelia tangu sokoni. Ilikuwa inalia sana."

Nilingoja kofi. Halikuja. Baba aliwageukia kina mama. "Nyinyi mlisikia?"

Wote walitazama chini. Mwishowe kiongozi wao, Mama Kioko, akamsogelea, akajibu. "Tulisikia sisi wote, Mwalimu. Hata tukaacha kuimba. Lakini tukasema, si Mwalimu ndiye anajua gari? Nani ataambia Mwalimu ati gari yake inalia?"

Baba akamtazama Pasta. Pasta alikohoa, akaanza kupangusa vumbi kwenye viatu vyake.

"Hata mimi nilijua, Baba Mwende," Mama akapaza sauti kutoka kwenye nyasi. "Mwaka mzima nakuita kutoka jikoni, huitiki. Nikaona nikisema nitakuaibisha."

Baba alikaa chini, pale pale barabarani, na suti yake ya Jumapili. Kisha akasema, "Mimi nilidhani gari imepona."

Nimeshtuka mara nyingi maishani, lakini si kama siku ile. Mwaka mzima sauti ya injini ilikuwa ikififia masikioni mwake, naye akimshukuru Mungu na spana zake. Na sisi sote tuliosikia tuliteremka naye mlima ule kimya, kwa heshima zote. Mkono wa Mama uliunga, ila haukunyooka tena. Baba hakuendesha gari tena mpaka alipofariki.

Watoto wa siku hizi hawana adabu ile. Mwezi uliopita nilikuwa na wageni, wanawake wenzangu wa kanisa, tunakunywa chai. Mutheu akaingia, akasimama katikati ya sebule na kusema kwa sauti kubwa, "Mum, huskii vizuri. Auntie amekuuliza kitu kimoja mara tatu na unamjibu vingine. Kesho tunaenda hospitali."

Vikombe viliganda hewani. Uso uliniwaka moto. Enzi zetu ningetandikwa mpaka majirani waje kuniombea msamaha, na niliona wenzangu wakingoja nimfukuze sebuleni. Nikawatazama mmoja mmoja. Ndipo nikagundua kwamba hakuna hata mmoja aliyeshangazwa na neno alilosema. Walishangaa tu kwamba amelisema.

Nikasimama, nikamwambia Mutheu tusingoje kesho.