Kila Mgeni Alitazama Juu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda mpaka Matiri, milimani Mbinga, na mizani zao kwenye malori na kahawa ikapata bei, watu walishikwa na ugonjwa wa silingi. Sina jina jingine la kuupa. Nyumba za tofali zilikuwapo, mabati nayo yalikuwapo kwa waliojaliwa, lakini silingi bodi nyeupe, iliyopigiliwa juu ya sebule ikaficha mbao na bati, hiyo ilikuwa habari mpya. Mgeni akikaribishwa ndani, kabla hajakaa, kabla hajajibu hata habari za nyumbani, anatazama juu. Ikiwepo silingi, anatikisa kichwa taratibu. Isipokuwepo, anashusha macho kwa huruma na kuomba maji ya kunywa.

Gertruda, mke wa Florian, alipopata silingi yake alikuwa na haki ya kuringa. Tusidanganyane, ilitoka kwenye mgongo wake. Florian alikata majani na kuyapanga shambani kwa ajili ya ngoro, yale mashimo ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua mteremkoni, sawa, hiyo ni kazi ya mwanamume na aliifanya. Lakini aliyechimba mashimo yenyewe na kuyafukia majani kwa udongo, mteremko mzima, ni Gertruda. Aliyechuma kahawa, akaimenya, akaiosha na kuianika, ni yeye na binti yake Devotha. Florian alisimama kwenye mizani. Na ile nyumba yao ya zamani, ya udongo, aliyeipaka udongo mweupe kila kiangazi, na chini yake mkanda mweusi ulionyooka kuanzia mlangoni hadi nyuma, alikuwa Gertruda huyo huyo. Kijijini kwao kupaka nyumba ilikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume aliyeigusa alichekwa mpaka akome.

Basi rangi ilipoanza kuuzwa kwenye makopo madukani, kazi ile ile ikageuka ya wanaume. Eti sasa inataka fundi! Mkono wa Gertruda uliofaa kwa udongo haukufaa tena kwa brashi. Nani aliamua hivyo, na katika kikao gani, hakuna aliyemweleza.

Florian akamleta Damiano kutoka Mbinga mjini, bwana mmoja mwenye kofia na maneno mengi. Damiano alipaka kuta rangi ya buluu kwa brashi pana huku akipiga mluzi, na alipofika pale ukuta unapokutana na silingi hakupunguza hata mwendo. Hapa buluu ikapanda juu ya weupe, pale plasta ikabaki uchi, na mstari mzima ukaenda kama mtu anayetoka kilabuni. Gertruda alimwonyesha kwa adabu, akamwomba arudie kwa brashi ndogo.

"Mama, kule ni juu," Damiano akamjibu. "Nani atatazama juu?"

Gertruda alidhani anataniwa. Katika wilaya nzima, mwaka ule, watu walikuwa wakitazama wapi kama si juu? Akamgeukia mumewe, na mumewe akamwambia amwache fundi afanye kazi yake, yeye aangalie chungu jikoni. Akaenda kuangalia hicho chungu.

Haya, na wakwe walikuwa njiani. Devotha alikuwa amechumbiwa na Cleopa wa Lituhi, kule ziwani, na wazazi wa Cleopa, mzee Bartholomayo na mkewe Winifrida, walikuwa waje kukamilisha mazungumzo ya ndoa. Watu wa mitumbwi na samaki, waliojistahi, na wenyewe walikuwa wanamalizia nyumba. Gertruda alitaka mambo mawili tu: wasimkute na sebule ile chafu, na wajue ni mkono wa nani ulioisafisha. La pili alilitaka kuliko la kwanza, na sioni kwa nini alionee haya.

Siku Florian aliposhuka mjini kwenye mkutano wa chama cha ushirika, Gertruda alifunga kitenge, akaisogeza meza ukutani na Devotha akaishika miguu. Kwanza alikwangua kwa wembe pale rangi ilipovimba, akafuta kwa kitambaa kibichi. Kisha akarudisha weupe wa silingi kwenye kingo zote na kuuacha ukauke kabisa. Ndipo akachukua brashi ndogo aliyoipunguza nywele kwa mkasi, akachovya ncha tu, akaipangusa kwenye mdomo wa kopo, akaiweka chini kidogo ya kona na kuipandisha polepole mpaka rangi yenyewe ikagusa mwisho wa ukuta. Hapo alibana pumzi na kuivuta brashi pembeni bila kuinua mkono, kama alivyokuwa akiuvuta mkanda mweusi wa nyumba ya udongo. Shingo ilimkakamaa, rangi ikamdondokea usoni, lakini hadi jua linaelekea kuzama mstari ulikuwa umezunguka sebule yote, buluu huku, nyeupe kule, na hakuna iliyomvuka mwenzake. Rangi nyeupe ikaishia hapo. Chumba cha kulala, ambacho nacho kilikuwa na silingi, kikabaki kama Damiano alivyokiacha, maana mgeni gani ataingia chumbani?

Florian aliporudi alitazama juu, akazunguka, akatabasamu. "Unaona? Ulikuwa na haraka tu. Rangi ikikauka hujinyoosha."

Jamani! Gertruda akamwambia nani kainyoosha. Florian akacheka, akauona uso wake una madoa ya buluu, akaacha kucheka. Halafu akamwomba, kwa sauti ya chini kabisa, asije akalisema jambo hilo kwa watu, wasije wakasema Florian anampandisha mkewe mezani kwa kukosa pesa ya fundi. Aibu hiyo ndiyo aliyoiona. Nyingine hakuiona.

Wakwe wakafika. Wakapokewa, watoto wakawaamkia shikamoo, wakaingia, na mzee Bartholomayo, kama watu wote, kabla hajakaa akatazama juu. Alibaki ameinua kichwa muda mrefu. Akaufuata mstari kona hadi kona, akamwita mkewe atazame naye, akasema kwamba nyumba alizoziona ni nyingi ila mkono kama huu hajauona. Akauliza fundi ni nani.

Florian hakupepesa hata jicho. Akasema fundi wake ni Damiano, kamtoa mjini mwenyewe, na ilibidi amsimamie sana. Amsimamie! Wakati anayasema hayo Gertruda alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mboga mkononi.

Mzee Bartholomayo akafurahi, akasema basi huyo Damiano aende Lituhi akamalizie nyumba yao kabla ya harusi. Florian akaahidi kumpeleka.

Gertruda akatua bakuli mezani. "Mkwe," alisema, "fundi unayemtaka ndiye aliyekupikia."

Wanaume wakacheka. Wakaona mama mwenye nyumba anachangamsha wageni, na Florian ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Kicheko hicho ndicho kilichoharibu. Angenyamaza, labda yangeishia hapo.

Sasa elewa kwamba huko kwao mkwe haoni chumba cha kulala cha wakwe zake. Hata pazia lake halisogezwi mbele yake. Ni aibu inayoweza kuvunja uchumba, na Gertruda aliijua hivyo tangu utoto. Akavuka sebule, akasogeza pazia, akausukuma mlango wa chumbani mpaka ukagonga ukuta. Kitanda kile, nguo zile juu ya kamba, vyote nje nje. Devotha alijifunika uso kwa khanga. Florian akainuka nusu na kubaki hivyo.

"Mstari wa juu humu ni wa Damiano," Gertruda akasema. "Wa sebuleni ni wangu. Tazameni wenyewe mseme mimi mwongo."

Gertruda aliona ameshamharibia binti yake, na bado mkono haukukubali kuufunga ule mlango. Ndipo mama Winifrida akainuka, akapita mbele ya wanaume, akasimama kizingitini bila kuvuka. Kitanda hakukitazama. Aliinua kichwa, akaona buluu iliyotapakaa juu ya weupe, akageuka kutazama kona ya sebule, kisha akamshika Gertruda mkono wa kulia na kuugeuza. Pembeni ya kucha rangi ilikuwa bado imeng'ang'ania. Akamwonyesha mumewe.

Mzee Bartholomayo akaitazama mikono ile, kisha akamtazama Florian, ambaye sasa alikuwa anatazama sakafu. Akajikohoza.

"Fundi," akasema, "Lituhi utakuja lini?"

Florian akawahi. Akaanza kusema kwamba baada ya mavuno, Mungu akipenda, ataona namna ya...

"Baba Devotha," Gertruda akamkata, "aliyeulizwa ni fundi."