Ndoo moja ya mzazi

Leo nimemwona mtu mwema akimnyima mzazi maji ya kuoga, wala hakuona haya.

Nilikuja Mnyambe, kijijini kwetu Newala, kutoka Masasi kwa ajili ya msiba. Mnaoijua Newala mnajua kiangazi chetu: mwenye tangi la maji ya mvua ndiye tajiri.

Mdogo wangu, Baba Hamisi, analo. Asubuhi alilifungua kwa waombolezaji wote. Shehe akamwombea dua mbele ya watu. Nikajivunia damu yetu.

Mchana akaja jirani yake, Mama Zuhura, na ndoo. Binti yake amejifungua alfajiri.

"Shikamoo, Baba Hamisi."

"Marahaba. Leo nimeshatoa, mama. Kijiji kizima shahidi."

"Ndoo moja tu, ya mzazi."

"Mnataka niwe mawingu?"

Watu wakacheka. Akacheka nao, kisha akafunga kufuli.

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia, wewe hujawahi kumnyima mtu maji.

Akanijibu kwa upole, "Ndiyo maana, kaka. Nimeshatoa vya kutosha; leo hata Mungu ananielewa."

Upole huo ndio ulionivunja moyo. Mchoyo utamwaibisha. Huyu utamwambia nini?

Miaka yote ya ugenini nilisema nitarudi kuzeekea kwa watu hawa. Sasa sijui.

Nyie mngemjibuje?

Mama Zuhura ameteremka bondeni kuchota maji kwa ndoo yake. Hadi aipandishe itakuwa jioni, na kichanga bado hakijaoshwa.