Mkono Uliotulia wa Mzee Sekunde

Siku hizi mtu anatazama saa kwenye simu na bado anachelewa. Zamani saa ilitiwa ufunguo kila asubuhi, na aliyeitia alijua siku imeanza. Fundi saa huyu ni wa zama hizo. Wateja walimbandika jina la Mzee Sekunde kwa sababu hakubali saa itoke mezani kwake ikiwa nyuma hata kwa sekunde moja.

Kibanda chake kina upana wa mlango na nusu. Chini ya meza zimo droo kumi na mbili, kila saa na droo yake. Sheria aliyoachiwa na mjomba wake, aliyemfunza kazi, haivunjwi: skrubu za saa mbili hazilali pamoja, ndoa hiyo haina heri.

Maradhi yake nayo aliyapanga vivyo hivyo. Kadi ya kliniki ya sukari na vidonge vyake viliwekwa droo ya kwanza. Presha ilipopanda, alikwenda zahanati nyingine, na kadi ya huko ikaingia droo ya mwisho. Daktari wa presha alipomuuliza kama anatumia dawa nyingine, alijibu kwamba hatumii. Moyoni mwake hakudanganya. Alikuwa anajibu habari za droo ile.

Kidonge kipya cha presha kilimfurahisha mno. Miaka yote, kila ikikaribia saa sita mchana, mkono ulimtetemeka na moyo ukamwenda mbio mpaka atie kitu tumboni. Saa ndogo za kike alikwisha kuziacha. Sasa mkono ulitulia tuli. Akazirudia, akasahau hata kula.

"Chakula changu kimekukosea nini?" mkewe alimuuliza jioni moja, sahani ya mchana haijaguswa.

"Mke wangu, mkono huu umerudi ujana. Usiuchokoze."

Wiki ya tatu, saa nane mchana, mama wa duka la dawa la jirani alikuja kuchukua saa yake ya ukutani. Alimkuta mzee kaloa jasho, shati limemganda mgongoni. Mshale wa dakika kauweka mahali pa mshale wa saa.

"Mzee, saa hii inakwenda wapi?"

"Kwa shangazi," alijibu taratibu, bila kutabasamu.

Mama hakucheka. Alikimbia dukani kwake, akarudi na glasi ya maji yenye vijiko vinne vya sukari, akamshikia anywe. Baada ya robo saa macho ya mzee yalitulia, akautazama mshale.

"Nani kaiharibu saa hii?"

"Wewe. Mara ya mwisho umekula lini?"

"Jana."

"Na unatumia dawa gani?"

"Za droo ipi?"

Mzee alifungua droo ya kwanza na ya mwisho. Mama alizilaza kadi mbili mezani ubavu kwa ubavu, akashika kiuno. Kidonge chako hiki cha sukari, alimweleza, kinaweza kuishusha sukari kupita kiasi, hasa tumbo likiwa tupu. Mkono kutetemeka na moyo kwenda mbio ndiyo kengele ya kukuonya. Aina hii ya dawa ya presha inainyamazisha kengele, lakini sukari inaendelea kushuka. Linabaki jasho, na jasho watu wanasingizia joto.

"Kwa hiyo ujana wangu ulikuwa kengele iliyozimwa."

"Ndiyo, mzee wangu. Na usiache kidonge chochote kwa amri yako, hiyo ya presha ikikatwa ghafla moyo unaleta matata. Twende kliniki, na kadi zote."

Mzee alinuna njia nzima. Kwa daktari alisema neno moja tu: "Andika utakavyo, lakini mkono wangu usiniharibie."

"Mkono wako hauumwi, mzee. Una njaa."

Daktari alimpunguzia dawa ya sukari, akambadilishia ya presha hatua kwa hatua, akamwamuru ale kwa wakati. Miezi miwili ikapita, mkono kimya, saa za kike zikitoka na kuingia. Kisha siku moja, binti mmoja, mteja mwenye maneno mengi, akampitisha saa ya kula, na kibano kikaanza kucheza vidoleni.

Mzee alikiweka chini, akafunua chakula.

"Babu, mimi nina haraka," yule binti akalalamika.

"Zamani fundi alikuwa anasubiriwa. Kaa hapo."

Binti akakaa. Mzee alikula tonge kwa tonge, akapumzika mpaka vidole vilipotulia, ndipo akaifungua ile saa ndogo ya binti.