Kitabu cha Nukta cha Gaudens

Serafina wa Nandagala hakuwa mtu wa kubembelezwa wala kubembeleza. Alifiwa na mume angali kijana, akahamia Nachingwea wakati Waingereza wanafyeka pori walime karanga, akapata kazi ya kufua na kupiga pasi katika hospitali ya misheni. Hapo sista mmoja mzee akamfundisha maandishi ya nukta, yale ambayo vipofu huyasoma kwa vidole. Sista alidhani mfuaji huyu atachoka upesi. Hakumjua.

Serafina alikuwa na sababu yake. Gaudens, mtoto wa kaka yake, alipofushwa na surua angali mdogo, akamaliza shule ya kati kwa kusomewa na wenzake. Sasa alitaka darasa la tisa, tena alitaka sayansi. Mkuu wa shule yenye darasa hilo, Mwalimu Agapiti, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mbishi. Historia sawa, alisema, dini sawa, lakini sayansi ni picha.

"Aje na kitabu chake mwenyewe, chenye picha zake," alisema. "Shule ikifunguliwa nitamjaribu. Bila kitabu, simpokei katika sayansi."

"Atakuja nacho, Mwalimu," Serafina akajibu, kana kwamba vitabu hivyo vinauzwa sokoni.

Havikuuzwa popote. Mradi wa karanga ulikuwa umeshakufa, na kwenye maghala yake ilibaki mifuko mitupu ya saruji. Serafina akaiomba, akaikung'uta, akaibandua tabaka kwa tabaka na kuinyoosha kwa pasi ya mkaa. Ilitoa karatasi ngumu, inayoshika nukta vizuri. Kila alipotoka kazini aliketi na kitabu alichoazima kwa Mwalimu Agapiti, akatoboa. Hata maneno asiyoyaelewa aliyanakili herufi kwa herufi.

Nukta hutobolewa upande wa nyuma wa karatasi, kutoka kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikigeuzwa zisomeke sawasawa. Kwa herufi mkono wake ulishazoea. Picha ndizo zilizomponza, maana alizitoboa vilevile alivyoziona kitabuni.

Shule ikiwa karibu kufunguliwa, Gaudens alikaa barazani kwa shangazi yake akisoma. Akafika kwenye picha ya dira, vidole vikasimama.

"Shangazi, humu nikielekea kaskazini, mashariki iko mkono wa kushoto."

"Haiwezekani."

"Basi kwenye kitabu chako jua linatoka Liwale, huko bara, linazama Lindi, baharini." Akacheka.

Serafina hakucheka. Aliigeuza karatasi, akaigeuza tena. Picha zote zilikuwa zimepinduka, kulia kuwa kushoto, na Mwalimu Agapiti angeanza na hizo hizo. Akajitukana kwa Kimwera, maneno ambayo mtu wa parokia hatakiwi hata kuyajua. Kisha akazichomoa picha zake zote, akaenda kazini na kile kitabu cha kuazima. Kila alipopata nafasi alibandika ukurasa wa kitabu kwenye kioo cha dirisha la chumba cha kufulia, uso ukitazama nje, na picha ikaonekana kwa nyuma. Akaifuata kwa penseli juu ya karatasi nyembamba, akaiweka hiyo juu ya karatasi ya saruji, halafu akatoboa kwa kufuata penseli. Safari hii jua likatoka Lindi.

Siku ya kujaribiwa, Mwalimu Agapiti alianza na dira kweli. Akaenda kwenye pampu, akaenda kwenye moyo. Gaudens alijibu bila haraka, vidole vikitembea juu ya karatasi ya saruji. Mwisho mwalimu akaegemea kiti.

"Nimekubali. Ataingia. Ila tukifika sura ya nuru atapumzika nje. Kwa hali yake itamfaa nini?"

Serafina akainamisha kichwa. Sura hiyo hakuinakili. Aliiruka kwa huruma hiyo hiyo, akaona amefanya wema, na hakumwambia Gaudens. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Wenzangu wataulizwa nuru kwenye mtihani?" Gaudens akauliza.

"Wataulizwa."

"Basi na mimi niulizwe, Mwalimu. Sura hiyo haimo humu, nimeitafuta. Nilidhani Shangazi ameishiwa karatasi."

Mwalimu Agapiti akamgeukia Serafina. Naye alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Niazime tena kile kitabu," akasema.