Mlango wa Buluu wa Banda la Kuku

"Kaung'oe leo hii, Paraska! Kaung'oe kabla hajauona!"

"Siung'oi." Paraska akabana kingo za pirohi, zile sambusa za kuchemsha, kwa vidole kana kwamba anaminya shingo ya mtu. "Maji yamfike kiunoni kwanza, ndiyo auone."

Wifi yake Dokia akapiga meza, unga ukatimka. "Umeziba mfereji wa Nestor kwa mlango wa banda lako! Wa buluu! Saskachewani nzima nani mwingine ana mlango wa buluu? Si ungetumia samadi tu?"

"Samadi pia ipo. Magunia kumi na moja."

Kando ya ziwa lililopakana na shamba la Nestor ndiko Paraska alikoposwa. Kina chake kidogo, hata ng'ombe analivuka tumbo kavu, lakini kila masika ndege walilishukia kwa makelele mengi hata mumewe Onufry alimposa mara tatu ndipo akajibiwa. Ile ya kwanza Paraska aliisikia vizuri sana, ila alipenda kumwona akipiga kelele.

Onufry akafa. Siku ya arobaini yake, jirani yao Nestor Bilak alikula sahani tano, akamlilia Paraska begani. Kumbe huku watu wanasali, mashine yake iko ng'ambo inachimba mfereji, ziwa linatiririkia kijitoni. Jioni Paraska akakuta viota vya vibisi, ndege wa majini, vilivyokuwa vikielea ziwani, vimekaa topeni kama kofia zilizotupwa, na mbweha wanakula mayai. Wiki haijaisha, Nestor kapanda shayiri palepale ziwa lilipokauka.

Paraska akajifanya hajaona. Alimpelekea hata matango ya siki. Akangoja shayiri ikatwe, ilazwe mistari ikauke, ndipo akauburuta mlango mpaka mferejini. Mvua ikanyesha siku kumi na mbili. Ziwa likarudi, na bata mwitu wakaja wengi hata jua likakosa pa kupita. Shambani kwake Paraska alikuwa amesimamisha sanamu tisa za kutishia ndege, zote zimevaa nguo za Onufry, hadi suti ya harusi. Basi bata wote wakahamia kwa Nestor.

"Jana nimemwona anapiga masufuria katikati ya shayiri," alisema Paraska, akicheka mpaka pirohi ikamtoka mkononi. "Anaruka kama bibi harusi!"

"Ng'ombe wake watakula nini baridi ikija?"

"Wale vibisi hawakuiona hata hiyo baridi."

"Akiung'oa yeye, atauchimba mfereji zaidi, ziwa ndiyo basi tena, na wewe utakuwa adui wa parokia nzima. Onufry angekwambia usamehe."

"Onufry yupo shambani, analinda. Nenda kamuulize, yupo mara tisa."

"Wee mwanamke, Mungu ana—"

Mlango wa jikoni ukafunguka bila hodi. Nestor Bilak alisimama kizingitini, tope limemfika kifuani, kwapani amebana ubao mpana wa buluu, bawaba zake bado zinaning'inia.

Nje, upande wa ziwani, maji yalikuwa yakivuma kuelekea kijitoni. Paraska akajifuta unga, akashika mti wa kusukumia unga wa pirohi.