Viatu Vyeupe na Buku la Baba

Mama hakuupenda mji wa wazungu. Alikuja Élisabethville kutoka Mitwaba akiwa ameshaolewa, na kwake Kamalondo, mtaa wetu sisi weusi, ilitosha: soko lilikuwepo, kanisa lilikuwepo, na watu walisalimiana njiani. Lakini viatu vyeupe havikuwepo. Dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya, alikuwa apokee komunyo ya kwanza siku ya Noeli, na masista walisema wasichana wavae nyeupe toka kichwani hadi miguuni. Baba aliuliza kwa wachuuzi wote wa mtaani kwetu, akakosa. Mwishowe, Jumamosi moja, alivaa kofia na koti lake la kanisani akasema tutakwenda mjini sote wanne.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Mama alitupaka mafuta mpaka tukang'aa, halafu akakaa kitandani, hainuki.

"Kuko nini?" Baba akamwuliza.

"Na kama bazungu banatuuliza kintu, mi nitajibu nini? Kifaransa sijue."

"Habatakuuliza weye. Mi niko."

Kati ya Kamalondo na mji palikuwa na uwanja mtupu wa nyasi, ulioachwa makusudi ili sisi na wazungu tusipakane. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tulivuka pekupeku, viatu mkononi, tukavivaa tulipofika kwenye lami. Kazi ya Baba ilikuwa kuunganisha mabehewa ya treni, na nyumbani sauti yake ilisikika hadi kwa majirani wa nyumba ya tatu. Siku ile, kadiri tulivyoingia mjini, sauti ilizidi kupungua. "Mutembee pembeni," alisema. Kisha, karibu kwa kunong'ona: "Musicheke sana." Wala hatukuwa tunacheka.

Duka lilikuwa la Mgiriki. Akateremsha jozi nyeupe yenye kifungo kidogo ubavuni. Yaya akainua mguu ili ajaribu, na yule mtu akatikisa kichwa: watoto wetu hawakuruhusiwa kujaribu viatu. Yaya akabaki mguu juu, hajui aushushe vipi. Mama akafungua ncha ya kikwembe chake akatoa uzi. Alikuwa amempima yaya mguu nyumbani. Akaulaza uzi ndani ya kiatu, ikabaki nafasi ya kidole gumba. Akamtazama Baba, akamwashiria kwa macho kwamba vitamtosha. Ndiyo mara ya kwanza siku ile nilimwona Mama akitabasamu.

Baba akalipa, tukatoka na viatu ndani ya boksi lililofungwa kamba, lakini hatukufika mbali. Kwenye kona, askari mmoja, mtu mweusi kama sisi, alituzuia kwa fimbo.

"Boksi hii mulitosha wapi?"

"Ku magazini ya Mugiriki, ndugu yangu," Baba akajibu. "Njo tunatoka kule."

Yule askari hakupenda kuitwa ndugu. "Buku iko wapi?"

Buku ni kile kitabu kidogo cha kitambulisho ambacho kila mwanamume wetu alipaswa kutembea nacho. Baba akapapasa mfuko wa koti. Akapapasa wa pili. Nikaona jasho likimtoka juu ya mdomo. Alipapasa mifuko ileile tena na tena, polepole, kama kwamba ungeota mfuko mwingine.

Askari akampeleka kituo cha polisi, nasi tukafuata nyuma. Mlangoni Baba akageuka akamwambia Mama haraka: "Iko mu kazaka ya kazi, nyuma ya mulango. Wende, ulete." Boksi la viatu likaingia ndani pamoja naye.

Mama akabaki amesimama njiani, mikono kichwani. Yaya alikuwa analia. Mama akaniinamia mimi.

"Weye, njia unaijua?"

Nikasema naijua. Kweli yenyewe, wakati wa kuja nilikuwa nikitazama mikate na madoli kwenye vioo vya maduka. Nikashika mkono wake na kuanza kutembea kwa haraka, ili asione kwamba ninabahatisha. Barabara zote zilifanana: nyumba zenye baraza, ua uliokatwa sawasawa, mbwa wakitubwekea nyuma ya malango. Tulipopita mara ya pili mbele ya mama mmoja wa kizungu aliyekuwa akimwagilia maua, Mama akasimama.

"Umepotea."

Niliwaza kwamba Baba watamfunga, na kwamba itakuwa kwa sababu yangu. Yaya ndiye aliyeinua kidole, huku bado analia. Juu ya miti ilionekana dohani ya kiwanda cha shaba, ile iliyotutolea moshi nyumbani kila siku. Tukaifuata hiyo, hadi miguu yetu ikakanyaga tena zile nyasi zenye maji.

Koti la kazi lilikuwa pale nyuma ya mlango. Mifukoni mlikuwa na tumbako na nati moja ya chuma. Buku halikuwemo.

Mama akapindua godoro. Akapindua kikapu cha nguo. Akakaa chini sakafuni akaanza kusali kwa Kiluba, lugha ya kwao, na hilo ndilo lililonitisha kuliko vyote. Ghafla yaya akaruka na kuchukua katekisimu yake. Jana yake Baba alikuwa akimsikiliza sala, na alipochoka aliweka alama mahali walipofika. Alama yenyewe ilikuwa buku.

Kurudi, Mama hakuniuliza njia. Alitangulia mbele, nusu anakimbia, kikwembe amekikaza kiunoni.

Baba tulimkuta uani pa kituo, amechuchumaa, anakata majani kwa panga. Koti lake la kanisani lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya jiwe. Alipotuona, alitugeuzia mgongo. Aliendelea kukata.

Ndani, Mzungu aliyekuwa mezani alilipokea buku kwa Mama, akalifungua, akatazama mihuri ukurasa kwa ukurasa, akasema kitu kwa Kifaransa. Askari akamwita Baba aje. Yalikuwa yamekwisha. Baba akavua kofia, akarudi nyuma hatua moja kutoka mezani, nasi tukageuka tuondoke. Mama hakugeuka.

"Na bilatu?" akauliza.

Aliulizia viatu kwa Kiswahili, kwa sauti ya sokoni. Baba akamgusa kiwiko. Mzungu akamtazama askari, askari akatazama sakafu, kisha akaingia chumba cha nyuma akaleta boksi. Mama akalifungua palepale mezani. Akatoa kiatu cha kwanza akakitazama chini na ndani, akatoa cha pili, akavirudisha, akafunga kamba.

"Aksanti, Bwana."

Njia nzima Baba alitembea nyuma yetu. Kwenye uwanja wa nyasi aliuliza kama tumekula. Hakuna aliyekula tangu asubuhi. Mama akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, akatembea hivyo hadi nyumba za kwanza za Kamalondo, ambako alijifuta uso kwa sababu ya watu.

Jirani alikuwa kibarazani. "Mulikawia sana ku ville!" akasema, maana alituona asubuhi tukienda mjini.

"Bantu balikuwa bengi mu magazini," Baba akajibu, kwa sauti yake ya zamani.

Mama hakumkatalia. Aliingia ndani kuwasha moto wa kupika bukari, ugali wetu, na mimi na yaya tukaambiwa tukaoshe miguu.